Ini na Kisu cha Kupunguza Unene

Somo hili mmekwisha kulisikia redioni. Sasa limepigwa chapa, ili kila mmoja wenu alisome kwa mwendo wake. Anayesoma taratibu asione haya. Ukikuta neno gumu, lipite, usome sentensi mpaka mwisho, kisha ulirudie. Mara nyingi utaona limekwisha kuwa jepesi.

Leo twasoma historia. Si historia ya wafalme, wala ya vita, wala ya majahazi. Ni historia ya operesheni moja iliyobuniwa ili kuwapunguza watu wanene, na ya kiungo kimoja kilicholipa gharama yake. Kiungo hicho ni ini.

Kwanza tulijue ini lenyewe. Ini la ng'ombe umeliona kwa muuza nyama: zito, laini, lateleza mkononi, rangi yake ni nyekundu iliyokoza. Ini la mtu liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama kilo moja na nusu. Damu inayotoka tumboni na katika utumbo, ikiwa imebeba chakula kilichokwisha kuyeyushwa, haiendi moja kwa moja mwilini. Hupita kwanza katika ini. Basi ini ni kama forodha ya bandarini. Shehena ikishuka melini hukaguliwa hapo: kitu chema hupitishwa, kingine huwekwa ghalani, na chenye sumu huzuiwa. Shikeni sana mfano huu wa forodha, maana tutaurudia.

Pili, tuujue utumbo mwembamba. Huu ni bomba refu lililokunjwakunjwa ndani ya tumbo, na urefu wake kwa mtu mzima ni kama mita sita. Chakula kikipita humo polepole, nguvu zake huingia katika damu. Utumbo ukiwa mrefu, chakula chote hutumika. Ukiwa mfupi, kingi hutoka bure.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la madaktari wapasuaji. Baada ya vita kuu ya pili ya dunia, katika nchi za Marekani na Ulaya, walikuwako wagonjwa wengi wenye unene wa kupita kiasi. Sisemi ule unene wa mtu aliyeshiba, ambao bibi zetu wangeusifu kuwa ni afya. Nasema mtu wa kilo 150, au 200 na zaidi, ambaye kupanda ngazi ni taabu, kulala chali ni taabu, moyo umechoka na kisukari kimemwandama. Watu hawa waliambiwa wapunguze chakula. Wengi walijaribu kwa bidii, uzito ukashuka, kisha ukarudi wote pamoja na ziada. Madaktari wakajiuliza: ikiwa hatuwezi kupunguza kinachoingia mdomoni, je, hatuwezi kupunguza kinachoingia katika damu? Tuufupishe utumbo!

Mwaka 1952 huko Göteborg, katika nchi ya Uswidi, daktari Viktor Henrikson aliandika habari za mgonjwa mnene aliyemkata sehemu ya utumbo na kuitoa. Lakini kilichokatwa hakirudi. Mwaka 1954 madaktari watatu wa Minnesota, Marekani, yaani Kremen, Linner na Nelson, wakatoa habari za majaribio waliyoyafanya kwa mbwa, na za mgonjwa wao mmoja. Wao hawakuutoa utumbo nje. Waliunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, na ile sehemu ndefu ya katikati wakaiacha pembeni. Mfano wake ni barabara mpya inayokata njia na kuuacha mji wa kale upande mmoja. Mji upo, nyumba zipo, lakini magari hayapiti tena.

Huko Los Angeles, tangu mwaka 1956, daktari Payne na daktari DeWind walikwenda mbali zaidi. Waliunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na utumbo mpana wenyewe. Wagonjwa wao walikonda, lakini waliharisha mno, chumvi za mwili zikawaishia, na maini yao yakaanza kuugua. Wengi ilibidi wapasuliwe tena na kurudishiwa njia ya kwanza, na uzito nao ukarudi. Mwaka 1963 madaktari hao waliandika habari hizo zote bila kuficha. Mimi nawasifu kwa jambo hilo. Si kila mtu hupenda kuandika habari za kazi iliyomharibikia.

Hata hivyo hawakuliacha wazo lenyewe. Mwaka 1969 walitangaza kipimo kipya: inchi 14 za mwanzo wa utumbo mwembamba ziunganishwe na inchi 4 za mwisho. Jumla ni inchi 18, au sentimeta 45 hivi. Unyoshe mkono wako sasa hivi. Pima toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Hiyo ni dhiraa moja, na karibu hicho ndicho kipande cha utumbo alichoachiwa mgonjwa ili kimlishe maisha yake yote, badala ya mita sita.

Kipya kinyemi ingawa ni kidonda. Maelfu ya watu, hasa Marekani, walifanyiwa operesheni hiyo katika miaka ya 1960 na 1970. Nao walikonda kweli. Mtu alikula apendavyo na bado nguo zake zikawa zampwaya. Nani asingefurahi? Kuharisha kulikuwako, na harufu mbaya pia, lakini wengi walivumilia. Wengine waliugua vijiwe vya mafigo, wengine viungo viliwauma. Hayo nayapita upesi, kwa sababu habari yetu ni ini.

Tumfikirie mgonjwa mmoja wa siku zile. Amepasuliwa, amerudi nyumbani, miezi imepita. Mizani yasema amepungua kilo nyingi. Lakini sasa amechoka ajabu, hamu ya chakula imemtoka. Asubuhi moja ajitazamapo katika kioo aona weupe wa macho umekuwa manjano. Baadaye tumbo lajaa maji. Daktari amchoma sindano ndefu ubavuni na kuchukua kipande kidogo cha ini, chembamba kama uzi, ili akitazame katika darubini. Aona nini? Ini limejaa mafuta, limevimba kwa uchungu, na ndani yake makovu yameanza kujengeka. Kwa wengine mambo hayo yalitokea katika mwaka wa kwanza au wa pili, wakati uzito unaposhuka mbio, na baadhi yao walikufa. Kwa wengine makovu yalienda kimya kimya miaka mingi, mpaka ini likawa gumu na kusinyaa.

Tena kulikuwa na aibu juu ya maradhi. Ini lile katika darubini lilifanana kabisa na ini la mlevi wa miaka mingi. Basi mgonjwa ambaye pengine hakuonja pombe alitazamwa kwa jicho la shaka, na kuulizwa tena na tena: wanywa kiasi gani?

Kwa nini ini liliugua, hali mafuta ya mwili yalikuwa yanapungua? Hapa tusimame kidogo, maana hapa ndipo penye elimu ya somo hili, na jibu lake moja latoka karibu na kwetu.

Katika mwaka ule ule wa 1954, operesheni ya Minnesota ilipoandikwa, kilitolewa kitabu cha madaktari watatu waliofanya kazi Kampala, Uganda: Hugh Trowell, Jack Davies na Rex Dean. Kitabu chao kilihusu kwashakoo. Ugonjwa huu mwaujua. Mtoto aachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Alishwa ndizi tu, au uji wa muhogo mtupu. Tumbo lashiba, lakini maziwa hapati, maharage hapati, wala samaki, wala yai. Miguu yavimba, nywele zageuka rangi na kuwa nyepesi, ngozi yababuka, uso wanuna. Jina la ugonjwa huu lilitoka pwani ya Afrika Magharibi, nchi iitwayo sasa Ghana. Daktari Cicely Williams alilichukua katika lugha ya Wagaa na kuliandika mwaka 1935. Lakini Mulago, Kampala, ni mahali pamoja ambapo ugonjwa huo ulichunguzwa kwa miaka mingi. Nao waliochunguza walikuta jambo la ajabu: mtoto amedhoofu, lakini ini lake limejaa mafuta!

Maelezo yake ni haya. Mafuta hayawezi kutoka katika ini uchi. Lazima yafungwe kwanza katika protini, kama karanga zifungwavyo katika karatasi kabla ya kuuzwa barabarani. Protini ni kile chakula cha kujenga mwili. Ikikosekana protini, karatasi hakuna, na karanga zajaa ghalani mpaka ghala lapasuka. Mtoto wa kwashakoo anayetibiwa mapema kwa maziwa na chakula cha kujenga mwili, ini lake hutoa yale mafuta na kupona.

Basi mwaka 1974 madaktari wa Marekani walipochunguza wagonjwa waliofupishiwa utumbo, waliona damu yao imepungukiwa na vijenzi vya protini kwa namna inayofanana na ya mtoto wa kwashakoo. Fikirini jambo hilo. Mtu wa kilo mia na zaidi, katika nchi yenye chakula tele, anakula nyama kila siku, na ini lake laugua ugonjwa wa mtoto aliyekosa nyama. Nyama ilipita utumboni haikuingia mwilini. Na huku mafuta ya mwili wake yalikuwa yakiyeyuka kwa haraka na kumiminika katika ini, siku kwa siku.

Sababu ya pili ilikuwa katika ule mji wa kale ulioachwa pembeni. Utumbo usiopitwa na chakula haubaki mtupu. Vijidudu hukaa humo na kuzaana kama nzi katika nyumba isiyofagiliwa. Sumu zao huingia katika damu, na damu hiyo yakwenda wapi kwanza? Yakwenda forodhani. Ini likawa lapokea shehena ya sumu usiku na mchana. Ushahidi ulipatikana wagonjwa walipopewa dawa ya kuua vijidudu, metronidazoli, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Flagyl: ini likapata nafuu, mafuta yakapungua. Hata leo madaktari hawasemi ni sababu ipi ilikuwa kubwa zaidi. Yaelekea zote mbili zilishirikiana.

Wakati huo huo daktari mwingine alikuwa ameshika njia tofauti. Huyu ni Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa. Yeye aliona kwamba watu waliokatwa sehemu ya mfuko wa tumbo kwa ajili ya vidonda hukonda na hawanenepi kwa urahisi. Mwaka 1966, pamoja na mwenzake Ito, aliugawa mfuko wa tumbo wa mgonjwa mnene, akaacha kifuko kidogo tu cha kupokea chakula, na kukiunganisha na utumbo. Utumbo mwembamba karibu wote ulibaki kazini. Mgonjwa alishiba upesi kwa chakula kidogo, na kile alichokula kilimfaa.

Mwaka 1977 daktari Ward Griffen wa Kentucky alizilinganisha njia hizi mbili. Wagonjwa waligawanywa: kundi moja walifupishiwa utumbo, kundi la pili walipunguziwa mfuko wa tumbo. Baada ya mwaka mmoja wote walikuwa wamepungua karibu sawasawa. Ukitazama mizani peke yake ungesema hakuna tofauti. Lakini maini yalipotazamwa, wale wa utumbo mafuta yalikuwa yameongezeka kwa wengi, na wale wa mfuko wa tumbo hawakupata madhara hayo. Kwa miaka ishirini na zaidi watu walikuwa wakihesabu kilo, na jibu halikuwa katika kilo. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980 madaktari wengi walikuwa wameiacha operesheni ya kufupisha utumbo. Waliokuwa nayo wakaanza kuitwa warudi hospitali, na kwa wale ambao makovu hayakuwa yamekomaa, kurudishiwa njia ya zamani kuliwaokoa.

Maini yale mabaya hayakupita bila kufundisha. Mwaka 1980 daktari Jurgen Ludwig wa Mayo Clinic, mji wa Rochester, alieleza wagonjwa 20 wenye ini kama la mlevi, hali wao si walevi wala hawakufanyiwa operesheni ile. Wengi wao walikuwa wanene. Akaupa ugonjwa jina, maana mpaka hapo haukuwa na jina: uvimbe wa ini wenye mafuta usiotokana na pombe. Rochester nao uko Minnesota, jimbo lile lile la mbwa wa mwaka 1954. Kwa jina hilo wagonjwa wengi walisalimika na tuhuma ya pombe. Na sasa tukajua kwamba unene wenyewe, bila kisu cha mtu yeyote, waweza kulijaza ini mafuta na kulitia makovu.

Swali likageuka. Ikiwa unene waumiza ini, na operesheni nzuri yapunguza unene, je, operesheni yaweza kuliponya ini? Swali hili lilihitaji subira, maana ini haliendi mbio. Katika mji wa Lille, Ufaransa, madaktari walianza kufuatana na wagonjwa wao tangu mwaka 1994, wakichukua vipande vya ini kabla ya operesheni na baada yake. Mwaka 2015 walitoa hesabu: kati ya wagonjwa 109 waliokuwa na uvimbe ule wa ini, mwaka mmoja baada ya operesheni 85 katika kila 100 walikuwa hawana tena. Mwaka 2020 walitoa hesabu ya miaka 5, na uponyaji ulikuwa bado upo, 84 katika kila 100. Tena makovu yalikuwa yamepungua kwa 70 katika kila 100. Zamani vitabu vilifundisha kwamba kovu la ini halifutiki. Basi yawezekana kufutika kidogo kidogo, likiwa halijafika mwisho.

Huko Cleveland, Marekani, mwaka 2021, walitazama habari za wagonjwa 1,158 wenye ugonjwa huo. 650 walifanyiwa operesheni, 508 hawakufanyiwa. Kwa hesabu ya miaka 10, madhara makubwa ya ini, kama ini kusinyaa au saratani ya ini, yalifika 2.3 katika kila 100 kwa waliopasuliwa, na 9.6 katika kila 100 kwa wasiopasuliwa. Lakini someni na mstari wa chini: kati ya wale 650, watu 4 walikufa kwa madhara ya operesheni yenyewe katika mwaka wa kwanza. Kisu hakikupata kuwa mchezo.

Na lipo jambo jingine ambalo aliyepasuliwa anapaswa kuambiwa mapema. Mfuko wa tumbo ukiwa mdogo, pombe haikai humo. Yateremka upesi utumboni na kuingia katika damu kwa ghafula. Bilauri moja yafanya kazi ya bilauri mbili. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali 10 za Marekani walionyesha kwamba katika mwaka wa pili baada ya operesheni, matatizo ya pombe yaliongezeka, hasa kwa waliofanyiwa ile njia ya kuunganisha kifuko na utumbo. Ini limeponywa mafuta, kisha laharibiwa na chupa. Pia mgonjwa hana budi kumeza vitamini maisha yake yote, na kula chakula cha kujenga mwili kwanza kabla ya wali au ugali, kwa sababu ile ile tuliyoisoma katika habari ya kwashakoo.

Operesheni hizi mpya hufanywa hata Nairobi siku hizi, na gharama yake ni kubwa. Ikiwa una ndugu anayeifikiria, msimcheke, wala msimsukume. Mwulizeni atakwenda kwa daktari mara ngapi baada ya jeraha kupona, na ni nani atakayelitazama ini lake mwaka wa tano na wa kumi.

Ama wale wa dhiraa moja, si wote waliorudishiwa njia. Wengine hawakurudi hospitali, wengine walihama, wengine madaktari wao walifariki na majalada kupotea. Mpaka miaka ya karibuni madaktari wa Marekani wamekuwa wakipokea wazee wenye kovu la zamani tumboni, ini gumu au mafigo yaliyochoka, ambao ukiwauliza husema tu kwamba walipasuliwa ujanani kwa ajili ya unene. Daktari kijana asiyeijua historia hii hutafuta sababu mahali pengine kwa muda mrefu.